Kufundisha Riwaya Kongwe Kidato cha Tano: Anza na Kusadikika, Kisha Vuta N'kuvute

Kila Julai, wanafunzi wapya wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) wanapoingia Kidato cha Tano, nawauliza swali moja: ni riwaya gani umeisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho? Wengi wanaweza kunitajia dhamira, ujumbe, migogoro na falsafa ya mwandishi wa kila kitabu cha Kidato cha Nne. Nikiwauliza tukio lililowauma au mhusika aliyewaudhi, darasa linanyamaza. Walifaulu kwa madesa, yaani uchambuzi uliokwisha kuandikwa na wengine. Siwalaumu, maana walikuwa na masomo mengi na vitabu vichache, na madesa yaliwavusha. Lakini miaka miwili ya fasihi haiwezi kujengwa juu ya kitabu ambacho hakijasomwa.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu mwenye darasa la namna hiyo. Umesimama juu ya jambo moja: mwanafunzi akutane na kitabu chenyewe kwanza, na uchambuzi wa mtu mwingine aupate mwisho kabisa. Mfano wangu mkuu ni Kusadikika ya Shaaban Robert. Iwe imo katika orodha ya vitabu vya mtihani vya mwaka wako au haimo, nakushauri uanze nayo. Ni fupi, inasomeka yote darasani kwa sauti ndani ya wiki nne, na kisa chake ni kesi mahakamani, kitu ambacho kijana wa miaka kumi na saba anakielewa mara moja. Atakachojifunza humo atakibeba hadi kwenye riwaya ndefu.

Kabla ya kipindi cha kwanza

Isome mara mbili, hata kama uliisoma ukiwa shule. Mara ya kwanza soma bila kalamu. Mara ya pili shika penseli, na uweke alama za aina tatu tu: mahali ulipokwama, mahali uliposhtuka, na neno ambalo wanafunzi wako hawatalijua. Pale uliposhtuka ndipo maswali yako mazuri yatakapotoka. Maswali ya kwenye vitabu vya mwongozo hayana mshtuko wa mtu yeyote ndani yake, na wanafunzi wanalijua hilo.

Nakala hazitatosha. Gawa darasa katika vikundi vya watu wanne, kila kikundi kitabu kimoja, na kila jioni mmoja wao alale nacho kwa zamu. Andika zamu hizo ukutani. Kitabu kinachokaa kabatini ili kisichakae hakimsaidii mtu.

Pia fanya mazoezi ya kusoma kwa sauti. Sentensi za Shaaban Robert ni ndefu na zina mizani. Ukizisoma kwa haraka zinageuka kelele. Nilipoanza kazi nilidhani ningeweza kuingia darasani na kusoma tu. Nilikwama katikati ya sentensi, nikarudi nyuma, nikakwama tena, na darasa likanipotea. Tangu siku hiyo kila ukurasa nitakaousomea darasa nausoma kwanza nyumbani kwa sauti, na mahali pa kupumua napawekea mstari mdogo.

Kipindi cha kwanza: soma, usitambulishe

Mazoea yetu ni kuanza na wasifu wa mwandishi ubaoni: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliandika nini. Acha. Wasifu utakuja wiki ya tatu, wanafunzi wakiwa na swali linalouhitaji. Leo ingia, wasalimie, fungua kitabu, soma dakika ishirini.

Utawapeleka kwenye nchi iitwayo Kusadikika, iliyo angani, isiyoonekana kwenye ramani yoyote. Utawapeleka mahakamani, ambako kijana aitwaye Karama anashtakiwa na waziri aitwaye Majivuno mbele ya mfalme. Simama hapo, uliza: kosa lake ni lipi? Watajibu kwamba amefundisha watu sheria. Uliza tena: hilo ni kosa? Usijibu wewe. Waache wabishane mpaka kengele, na waondoke na ubishi wao. Kipindi kijacho utawakuta wanakusubiri.

Daftari la usomaji

Kila mwanafunzi awe na daftari lake, kila ukurasa uwe na safu mbili. Kushoto ananakili sentensi ya kitabu neno kwa neno, na namba ya ukurasa. Kulia anaandika alichowaza alipoisoma: swali, hasira, kumbukumbu, ubishi. Sentensi tano kila baada ya kusoma.

Wiki ya kwanza safu ya kulia itajaa maneno kama "hapa mwandishi ametumia tashibiha" au "hii ni takriri". Usiyakate kwa kalamu nyekundu. Andika swali pembeni: tashibiha hii imekufanya umwoneje huyu mtu? Mwanafunzi aliyezoea kuvua tamathali za semi kama samaki na kuzipanga kwenye jedwali anahitaji kuulizwa hivyo mara kumi kabla hajaanza kujiuliza mwenyewe. Kazi hii inachosha kwa kweli. Kwa darasa la watu sitini, chukua madaftari kumi na tano kila wiki kwa mzunguko, na usome kila moja kwa makini badala ya kuyapigia yote tiki.

Majina

Wiki ya pili fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kila kikundi kipewe majina mawili: Karama, Majivuno, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Watafute maana, kisha waeleze jina linafanya kazi gani katika kisa.

Hapa kuna mtego. Wanafunzi wamefundishwa kwamba haya ni "majina ya majazi", yaani yanayobeba sifa ya mhusika, na wakishasema hivyo wanadhani wamemaliza. Wasukume. Mtu anayeitwa Majivuno atabadilika? Kama hawezi, basi ni mhusika bapa, na wamekaririshwa kwamba mhusika duara ni bora kuliko bapa. Je, Shaaban Robert alishindwa kuumba watu? Mijadala michache huwa na manufaa kama huu. Waelekeze kwenye hekaya na ngano walizosikia kwa bibi zao: sungura habadiliki, fisi habadiliki, na hakuna aliyewahi kulalamika. Kazi ya wahusika hao ni kubeba sifa moja mpaka mwisho ili tuone sifa hiyo inatufikisha wapi. Mwanafunzi akilielewa hili anaanza kuupima ubapa kwa kazi yake ndani ya kitabu husika, wala hatatoa tena hukumu moja kwa vitabu vyote.

Wajumbe sita

Hiki ndicho kiini cha riwaya, na ndipo utakapotumia muda mwingi zaidi. Badala ya kujitetea yeye peke yake, Karama anaisimulia mahakama habari za wajumbe sita ambao Kusadikika iliwatuma zamani pande sita: pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mmoja anasafiri, anaona jinsi nchi nyingine zinavyoendeshwa, anarudi na mawazo mema, na anapokelewa kwa adhabu.

Chora ubaoni jedwali tupu lenye safu nne: alitumwa wapi, aliona nini, alileta wazo gani, alipokelewaje. Usijaze chochote. Kila kikundi kichukue mjumbe mmoja, kisome sehemu yake, kije kujaza kwa maneno ya kitabu. Likijaa, wape dakika tano za kulitazama kimya. Safu ya nne itakuwa na jibu lilelile mara sita.

Ndipo uulize: kwa nini sita? Mjumbe mmoja asingetosha kutuonyesha kwamba watawala hawa ni wabaya? Wengine watajibu kwamba mwandishi anarudia ili msomaji asisahau. Pokea, lakini usiishie hapo. Waulize nani anayesimulia na anamsimulia nani. Msimulizi ni mshtakiwa, wasikilizaji ni watu watakaomhukumu. Akisimulia mmoja, Majivuno anaweza kusema lilikuwa kosa la siku moja. Akisimulia sita, kosa linakuwa tabia ya dola. Urudiaji ambao mwanafunzi alikuwa ameuandika kwenye daftari kama "takriri" anauona sasa kuwa ni ushahidi unaorundikwa mezani, shahidi juu ya shahidi. Darasa likifika hapo, utaona mtu mmoja au wawili wameacha kuandika na wanakutazama. Wakati huo ndio ninaoufundishia.

Swali la pili la jedwali: kwa nini mjumbe wa tatu alikubali kwenda, hali ya wale wawili wa kwanza ikijulikana? Na wa sita je? Liache bila jibu la mwalimu. Nimesikia majibu ya utii, ya uzalendo, ya woga, ya tamaa ya kusafiri, na kila moja linaweza kutetewa kwa ukurasa fulani. Sharti langu ni hilo tu: utaje ukurasa.

Muundo nao unaeleweka hapahapa. Wanafunzi wanajua majina ya miundo, msago (wa moja kwa moja) na rejea (wa kurudi nyuma). Waambie wachore: duara kubwa la mahakama, na ndani yake duara dogo la kila safari. Wakishachora hawatahitaji kukariri kwamba ni hadithi ndani ya hadithi.

Wiki ya tatu: tarehe

Sasa leta wasifu. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Alifanya kazi ya ukarani katika serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza idara ya forodha, baadaye ya mifugo, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga na ile ya upimaji. Kusadikika kilitoka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa na ikitawaliwa na Mwingereza. TANU ilizaliwa miaka mitatu baadaye, 7 Julai 1954. Uhuru ulikuja 9 Desemba 1961, na mwandishi akafariki 20 Juni 1962.

Andika tarehe hizo kwenye mstari mmoja mrefu ubaoni, kisha uliza: karani wa serikali anayetaka kusema kwamba watawala wanafunga watu wenye mawazo mema, aisemeje? Wanafunzi wataona wenyewe kwa nini nchi iko angani.

Halafu wafundishe tahadhari, maana vijana wakishagundua istiari huiona kila mahali. Mfano ninaoutumia ni wa Wameru. Mwishoni mwa 1951 waliondolewa kwa nguvu kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki ili ipewe walowezi, na 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Mjumbe aliyetumwa mbali kutafuta haki! Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeinua mkono kusema Kirilo ndiye mjumbe wa Shaaban Robert. Mwelekeze kwenye mstari wa tarehe. Kitabu kilitangulia safari hiyo, hakikuweza kuisimulia. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kwamba kitabu na safari vilitoka katika nchi moja na kiu moja. Tofauti hiyo kati ya "kitabu kinasimulia" na "kitabu na tukio vinafanana" ukiifundisha mara moja vizuri, itakuokoa kwenye insha mia.

Wasikilizishe pia upande wa pili: wapo wasomaji wanaoiona Kusadikika kama kitabu cha maadili kuhusu utawala wowote mbaya, popote, na si ukoloni wa Mwingereza peke yake. Usiwachagulie.

Mahakama darasani

Tenga vipindi viwili vya pamoja. Darasa ligawanyike: upande wa Majivuno, upande wa Karama, na jopo la watu watano. Masharti ni mawili. Kila hoja ianze kwa kusoma mstari wa kitabu. Na wanafunzi hodari uwaweke upande wa Majivuno.

Sharti la pili linawaudhi, lakini lina sababu. Kumtetea Karama ni rahisi kwa sababu mwandishi yuko naye. Anayemtetea waziri analazimika kuuliza hofu yake ni ipi: nchi ikijaa watu wanaojua sheria, nani atatii amri? Bila kulijibu hilo hutaelewa kwa nini dola lililo na jeshi na magereza linamwogopa kijana mmoja anayefundisha. Mwaka mmoja binti aliyesimama upande wa mashtaka alijenga hoja nzima kwamba Karama hakuomba ruhusa, na kwamba utaratibu nao ni sheria. Upande wa utetezi ulichukua siku nzima kupata jibu. Walilipata bwenini, usiku, wakiwa na kitabu chao kimoja.

Mwisho wa riwaya mfalme anampa Karama haki yake. Waulize wameridhika? Mabadiliko yametoka kinywani mwa mfalme yuleyule. Umma wa Kusadikika umefanya nini muda wote huu? Uliza pia, kama bado hakuna aliyeuliza, wanawake wako wapi. Mshtakiwa, mshtaki, mfalme na wajumbe wote sita ni wanaume. Acha swali hilo ubaoni, maana riwaya inayofuata itaanza nalo.

Insha

Insha ya kwanza iwe ya ukurasa mmoja juu ya swali dogo. Swali la "jadili fani na maudhui" linaita madesa. Uliza hivi: je, utetezi wa Karama ungekuwa na nguvu ileile bila wajumbe wawili wa mwisho?

Waonyeshe aya mbili. Ya kwanza ni ile waliyoizoea: "Mwandishi amefanikiwa kuonyesha dhamira ya ukosefu wa haki. Hii inajidhihirisha pale Karama anaposhtakiwa. Dhamira hii ina uhalisia katika jamii yetu ya leo." Uliza: mtu ambaye hajasoma kitabu angeweza kuiandika? Ya pili: "Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria, na anajitetea kwa kuwafanyia waliomshtaki somo lilelile walilolikataza. Kila mjumbe anayemtaja ni shahidi dhidi yao. Kesi inapofika mwisho, waliokaa kwenye viti vya mashtaka ndio wanaohitaji utetezi." Hii ya pili haina neno dhamira, lakini dhamira imo, imeshikwa na tukio.

Kwenye kusahihisha, mwezi wa kwanza natazama vitu viwili tu: kila dai lina ushahidi wa kitabu? Na ushahidi huo umeelezwa, au umetupwa tu? Lugha, mpangilio na utangulizi nitavidai baadaye.

Kupanda kwenye riwaya ndefu

Sasa wako tayari kwa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota 1999. Hii huwezi kuisoma yote kwa sauti. Wape ratiba ya sura kwa wiki, na kila Jumatatu anza kwa dakika kumi za maswali mafupi yanayojibika na aliyesoma tu. Madaftari ya safu mbili yaendelee.

Njia ya kuingilia ni nyumba. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa Bwana Raza, mwanamume anayemzidi umri mbali, anapita nyumba nyingi: ya mume, Unguja na kisha Mombasa, mlango wa ndugu zake unaofungwa asiingie, chumba cha rafiki yake Mwajuma huko Ng'ambo, mjini Unguja. Wanafunzi wachore kila nyumba, na chini yake waandike: ufunguo uko kwa nani, nani anaweza kumfukuza, analipa nini ili akae. Wakimaliza mchoro watakuwa wameshachambua ndoa, ukabila, tabaka na nafasi ya mwanamke, na hutakuwa umetaja hata kimoja. Denge, mwanaharakati anayepinga ukoloni, na Inspekta Wright, polisi anayemwandama, waje baada ya hapo. Ukianza na siasa, Yasmin anageuka kuwa mpenzi wa mwanaharakati, na kitabu kinapungua nusu.

Linganisha pia wakati wa kuandika. Shaaban Robert aliandika akiwa ndani ya utawala anaousema. Adam Shafi anausimulia ukoloni wa Unguja zaidi ya miaka thelathini baada ya Mapinduzi ya 1964. Mmoja anaficha nchi yake angani, mwingine anataja mitaa kwa majina. Hilo ni swali la insha ya mwisho wa muhula. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 iliyotokana na riwaya hii ni nzuri sana darasani, lakini ionyeshwe baada ya ukurasa wa mwisho, na swali liwe: nini kimeachwa, na kwa nini?

Uchambuzi uje sasa

Wiki mbili kabla ya mtihani wa muhula, waambie walete madesa yote waliyonayo, ya kununua na ya kunakili kwa dada na kaka zao. Kila kikundi kipewe kalamu nyekundu na kitabu chenyewe. Kazi yao ni kusahihisha: tukio lililotajwa halimo, jina limekosewa, dhamira haina ushahidi, hoja hii ni nzuri na sisi hatukuiona. Watakuta makosa, na watakuta pia mambo ya kujifunza, maana wapo waliochambua kwa uangalifu. Madesa hayo yaliyojaa wino mwekundu nayafungia kabatini hadi Julai inayofuata, na darasa jipya haliyaoni mpaka limefika wiki hiyohiyo.